Kuandaa mwili kwa mbio za magari ukiwa Mbeya au Iringa: wiki 8, kuanzia shingo

Kila baada ya mashindano nasikia shtaka lilelile gerejini. Kijana ametumia akiba ya miaka miwili kununua shokapu na tairi, gari limejengwa likajengeka, asubuhi ameendesha vizuri tu. Mchana, kwenye kipande cha nne cha mbio, anakosa kona ambayo juzi aliipita akipiga mluzi. Ukimuuliza anakwambia breki zilikata. Fundi anakagua, breki nzima. Aliyekata ni yeye.

Wengi wao hata mazoezi wamefanya. Tatizo wanaanzia kifuani, kwa sababu kifua ndicho kinachoonekana kwenye picha. Shingo wanaiacha. Na kwa kuwa tunaishi kwenye baridi, wanaamini habari za jasho ni za watu wa Tanga na Morogoro. Hayo mawili ndiyo yanayowaangusha, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

Nimeandika kwa ajili ya dereva wa mbio za barabara ya vumbi na msoma ramani, yule anayekaa pembeni yake akimsomea kona zinazokuja. Anayelenga magari ya mbio za lami atafuata hatua hizohizo, ila shingo yake itahitaji kazi mara mbili.

## Vitu vya kuandaa

- Tyubu kuukuu ya baiskeli, na nyingine ya pikipiki. Zikate ziwe mikanda mirefu. Ya baiskeli ni laini, ya pikipiki ni ngumu.
- Helmeti utakayovaa siku ya mashindano, si ya bodaboda ya jirani.
- Mkeka au godoro jembamba.
- Mizani ya kupima uzito wa mwili. Ile ya gunia la viazi haitakusaidia hapa, maana tunatafuta tofauti ya nusu kilo.
- Saa yenye kuhesabu sekunde. Ya kupima mapigo ya moyo ni nzuri, lakini vidole viwili mkononi vinatosha.
- Chuma cha duara cha kilo 5, au dumu la lita 5 lililojaa maji.
- Chumvi, sukari, chupa mbili za lita moja.
- Daftari. Usipoandika, wiki ya tatu utaanza kujidanganya.

## Nani asianze bado

Kama una presha, kisukari, maumivu ya kifua, au umewahi kuumia shingo au mgongo, pita kwa daktari kwanza. Kama mkono unakufa ganzi au unapata kama shoti ya umeme kutoka shingoni hadi kwenye vidole, usifanye hata zoezi moja la shingo kabla hujapimwa. Misuli haiumi hivyo, huo ni mshipa wa fahamu.

## Hatua ya 1: Jipime kabla hujajinoa

Tumia siku mbili. Pima mambo manne, uandike.

Mapigo ya moyo ukiamka, kabla hujatoka kitandani. Muda unaoweza kulalia viwiko mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Muda unaoweza kukimbia mfululizo ukiwa bado unaongea sentensi kamili.

La nne ni shingo. Lala chali, vuta kidevu ndani kama mtu anayejaribu kuonyesha kidevu cha pili, kisha inua kichwa sentimita mbili tu kutoka kwenye mkeka. Shikilia. Kidevu kikianza kwenda mbele au kichwa kikitetemeka, simamisha saa. Wengi wanaokuja kwangu na vifua vipana hawafiki sekunde 20. Ukiwa chini ya hapo usiruke hatua yoyote. Ukifika sekunde 40 una msingi wa kujengea.

## Hatua ya 2: Rekebisha kiti kwanza

Hatua hii wanaipita haraka kwa kuwa haina jasho, halafu wanafanya mazoezi miezi miwili kuponya ugonjwa ulioletwa na kiti.

Kaa, mgongo wote uguse kiti. Nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kifike juu ya duara bila bega kuondoka kitini. Kanyaga breki mpaka mwisho: goti libaki limekunjwa kidogo.

Ukaze mkanda wa kiunoni kwanza, upite chini kwenye mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Kisha kaza wa mabega. Ukianza na mabega, wa kiunoni utapanda tumboni, na siku ya ajali utakuumiza wenyewe.

Sababu ni moja. Mkanda ukilegea, mwili unateleza kwenye kona na wewe unajishikilia kwa usukani. Mikono inageuka nguzo. Baada ya kilomita kumi imejaa, haisikii tena barabara. Dereva anayelalamika mikono, mara nyingi namkuta mkanda wake unaingiza ngumi.

Utajua umefanikiwa pale unapoweza kuachia usukani gari likiwa limesimama, mtu akakusukuma bega kwa nguvu, na wewe usisogee.

## Hatua ya 3: Shingo

Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5. Ongeza helmeti ya kilo moja na nusu. Huo ni mzigo wa kilo 6.5 uliokaa juu ya mfupa mwembamba.

Kwenye magari ya Formula 1, kona kali na breki huleta nguvu ya G 5, yaani kila kitu kinakuwa na uzito mara tano. Kilo 6.5 zinageuka zaidi ya 32, zikivuta pembeni, mzunguko baada ya mzunguko. Ndiyo maana madereva wale wana shingo kama za mafahali.

Sisi wa vumbi hatufiki huko, tairi hazina mshiko huo. Mzigo wetu ni wa aina nyingine: mitikisiko. Gari linaruka tuta, linatua, linapiga shimo, linayumba, mara mia kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Kila mara shingo inakamata kichwa kisiende. Ikichoka, kichwa kinaanza kucheza. Kichwa kikicheza, macho hayatulii kwenye barabara, na hapo ndipo kona inakuja mapema kuliko ulivyotarajia.

Kifaa cha HANS kinachokaa mabegani hakiondoi kazi hii. Kililazimishwa kwenye Formula 1 mwaka 2003 kwa ajili ya kuzuia kichwa kisichomoke mbele wakati wa ajali. Uchovu hakiuhusu.

Wiki ya 1 na 2: bila mzigo. Rudia lile zoezi la kulala chali, mara 5, kila moja sekunde 10. Kisha kaa wima, weka kiganja pembeni mwa kichwa, sukuma kichwa dhidi ya kiganja bila chochote kusogea. Sekunde 10 kulia, 10 kushoto, 10 mbele, 10 nyuma. Mizunguko mitatu. Sukuma kwa nusu ya nguvu zako, usitafute sifa.

Wiki ya 3 hadi 5: tyubu ya baiskeli. Ifunge kwenye nguzo usawa wa kichwa ukiwa umekaa. Kata kitambaa kizito, uweke kati ya tyubu na paji la uso ili isikukate. Sogeza kigoda mpaka tyubu ivute, halafu kaa hivyo kichwa kikiwa wima. Sekunde 20 kila upande, mara tatu. Kazi yako ni kukataa kuvutwa. Usizungushe kichwa huku na huku kama feni, maana garini hufanyi hivyo.

Wiki ya 6 hadi 8: helmeti na tyubu ya pikipiki. Vaa helmeti, fanya yaleyale kwa sekunde 30. Kisha mwambie mwenzako aivute tyubu kwa ghafla kidogo na kuiachia, bila kukwambia ni lini. Huo ndio mtikisiko. Avute kidogo, narudia, kidogo. Anayekuvuta asiwe mtu unayemdai.

Siku tatu kwa wiki zinatosha, na kati ya siku moja na nyingine pumzika. Shingo hupona taratibu kuliko paja.

Onyo. Msitundike chuma kwenye kamba ya kichwa na kuanza kuinua siku ya kwanza. Nimeona kijana mmoja akikaa siku nne haangalii kushoto. Zoezi likikuacha na uchovu wa kawaida unaoisha kesho yake, ni sawa. Likikuletea maumivu makali, kizunguzungu au ganzi, acha, nenda hospitali.

Utajua umefika kama unaweza kukaa na helmeti saa nzima ukiangalia mpira kwenye televisheni bila kutafuta mahali pa kuegemeza kichwa. Familia itakucheka. Waache.

## Hatua ya 4: Pumzi

Watu hushangaa nikiwaambia wakimbie. "Kaka, si nimekaa kitini?" Umekaa, ndiyo, lakini mapigo ya moyo ya dereva wa mbio hukaa kati ya 150 na 170 kwa dakika, kwa muda mrefu. Sehemu ni woga, sehemu ni joto, sehemu ni misuli iliyokaza bila kusogea. Moyo hauulizi sababu, unadunda tu.

Mara tatu kwa wiki kimbia dakika 40 kwa mwendo unaokuwezesha kuongea. Mara moja kwa wiki panda mlima: dakika 3 kwa nguvu, shuka ukitembea, rudia mara 5. Wa Mbeya wana njia za kuelekea Loleza, wa Iringa wana vilima vya kuzunguka jiwe la Gangilonga. Njombe hamhitaji maelekezo, ukitoka mlangoni tayari ni mlima.

Hapa nyanda za juu tuna bahati. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Iringa karibu 1,600. Hewa ya Mbeya inakupa oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam, na mwili wa anayeishi huku umeshazoea. Anayetoka pwani kuja kushindana aje mapema, siku kadhaa kama anaweza. Siku mbili za kwanza asijipime na wenyeji.

Jambo dogo lenye faida kubwa: jifunze kupumua kwenye kona. Wengi hubana pumzi kuanzia breki hadi kutoka. Kona kumi mfululizo bila hewa, na mtu anashangaa kwa nini anaona ukungu. Sema neno kwa sauti unapoingia kona, lolote. Huwezi kusema ukiwa umebana pumzi. Mimi nilikuwa nasema "haya."

Ukifanikiwa, mapigo ya asubuhi yatakuwa yameshuka kidogo ifikapo wiki ya 8, na baada ya kupanda kilima moyo utatulia mapema kuliko mwanzo.

## Hatua ya 5: Kiuno, mikono, miguu

Hapa sitakaa, haya mnayaweza.

Lalia viwiko mpaka dakika moja na nusu, kisha kila ubavu sekunde 45. Chuchumaa kwa mguu mmoja ukishika nguzo, mara 8 kila mguu. Breki ya Formula 1 hudai zaidi ya kilo 100 za mguu. Yenu ni nyepesi zaidi, lakini itakanyagwa mchana kutwa.

Kwa mikono, shika chuma cha kilo 5 kwa mikono miwili mbele ya kifua, zungusha kama usukani kwa dakika mbili. Mabega yasipande masikioni. Ukishaweza mara nne, inatosha.

Kidole gumba kisizame ndani ya duara la usukani. Tairi la mbele likipiga jiwe, usukani hurudi kwa nguvu, na mkono wa duara ukikikuta kidole hapo unaweza kukivunja. Zoea hivyo hata kwenye gari la kwenda sokoni.

## Hatua ya 6: Joto, ndiyo, hata Mbeya

Hili ndilo linalotuponza. Nje ni nyuzi 14, umevaa sweta, mtu akikwambia habari za joto unamwona kichekesho. Lakini ndani ya gari umevaa ovaroli ya kuzuia moto, chini yake nguo ndefu za ndani, balaklava (soksi ya kichwani inayoacha macho tu), helmeti, glavu. Vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Injini na mfumo wa moshi vinakuchoma miguu. Jasho haliwezi kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili.

Oktoba 2023 huko Qatar, madereva wa Formula 1, watu wenye walimu na madaktari wao binafsi, walizidiwa. Logan Sargeant aliacha mbio katikati, Esteban Ocon akatapika ndani ya helmeti. Basi wewe wa chai ya rangi na andazi usijione chuma.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kiti cha kushoto, cha msoma ramani, nilikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, nikasema baridi hii maji ya nini. Mchana nikasoma mstari mmoja mara mbili, halafu kwenye kona ya kulia nikasema kushoto. Tulimalizia kwenye mahindi ya watu. Mwenye shamba alitupokea vizuri kuliko dereva wangu.

Pima jasho lako. Jipime uzito ukiwa na nguo ya ndani tu. Vaa ovaroli na helmeti, fanya kazi garini au kimbia bila kuondoka mahali ulipo kwa saa moja, usinywe kitu. Vua, jifute, jipime tena. Kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya maji. Aliyepoteza kilo 1 kwa saa anajua sasa anachodaiwa. Ukishapoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, umakini huanza kushuka. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo 1.4 tu.

Zoesha mwili. Mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto: huanza kutoa jasho mapema na moyo hupungua kukimbia. Anayeishi pwani amezoeshwa bure. Sisi tunapaswa kujitengenezea. Kwa wiki mbili kabla ya mashindano, fanya mazoezi mepesi ukiwa na masweta mawili na suruali nzito, dakika 30 zikipanda hadi 60. Mwenye bafu la kujilaza, au pipa kubwa la kutosha kukaa, anaweza baada ya mazoezi kukaa kwenye maji ya moto wa nyuzi 40 hadi mabegani, kuanzia dakika 15. Simama polepole, presha hushuka na watu huanguka.

Onyo. Usifanye haya peke yako, wala ukiwa na homa, wala baada ya pombe. Kichwa kikigonga, ngozi ikisisimka kama ya baridi, ukianza kuongea ovyo, kazi imeisha: kivuli, vua nguo, mwagiwa maji, pepewa. Aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali huku akiendelea kupozwa, asisubiriwe "apate nafuu."

Kinywaji. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Basi. Maji matupu mengi bila chumvi nayo yana madhara, yanazimua chumvi ya damu. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viacheni. Moyo unaodunda 160 hauhitaji kuchapwa.

Ukifanikiwa, siku ya kumi ya mazoezi utalowa jasho mapema kuliko siku ya kwanza, na bado utakuwa na hamu ya kuendelea.

## Hatua ya 7: Akili ikiwa imechoka

Kuendesha vizuri ukiwa umepumzika si kipimo. Panda kilima kile cha Hatua ya 4, na ukifika juu, kabla hujatulia, msoma ramani akusomee noti za kipande kizima, yaani maelezo ya kona aliyoyaandika, nawe uzirudie. Kisha hesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa kutoa 7. Mwanzoni utakwama kwenye 86. Rudia kila wiki.

Msoma ramani ana adui wake, kichefuchefu. Akae kiti cha nyuma kwenye gari la abiria kutoka Uyole kwenda Tukuyu, asome noti kwa sauti ya chini mpaka Kiwira. Aanze na dakika 5, ainue macho dirishani, arudie. Chai ya tangawizi husaidia wengi. Abiria watadhani anaomba dua, hakuna ubaya.

Jambo moja silitanii. Mazoezi ya mwendo kasi hayafanywi barabara ya umma. Mlima Kitonga una malori, mabasi na watu wenye watoto. Atakayekwenda kujipima pale simfundishi.

## Hatua ya 8: Wiki ya mashindano

Mazoezi mazito yaishe siku 5 kabla. Shingo iguse kidogo tu, bila tyubu ngumu. Lala. Usiku wa kuamkia mashindano wengi hawalali vizuri, hivyo usiku muhimu ni ule wa kabla yake.

Usiku kula ugali au viazi, maharage, samaki au nyama kidogo. Asubuhi, masaa matatu kabla ya kuanza, uji wa ulezi na ndizi mbili. Parachichi letu ni tamu, lakini mafuta yake hukaa tumboni, liache mpaka jioni. Kunywa nusu lita taratibu baada ya uji. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, hujanywa. Ukiwa na rangi ya maji ya limao, uko tayari.

Kati ya kipande na kipande: vua helmeti na glavu, fungua ovaroli hadi kiunoni, lowesha shingo na mikono kwa kitambaa chenye maji, kunywa mafunda kadhaa, kula nusu ndizi. Fanya hivyo hata kama huna kiu. Kisha ndipo uongee na fundi. Wengi hushuka mbio kuangalia tairi, na mwili wao unabaki umefungwa zipu mpaka shingoni.

Mkipata ajali na mmoja wenu kichwa kinamuuma, anasahau, anaona mawili au anataka kutapika, mbio zake zimeisha siku hiyo hata kama gari bado linatembea. Apimwe.

Jioni jipime uzito tena. Kila kilo iliyopungua, kunywa lita moja na nusu hadi usiku, pamoja na chakula chenye chumvi. Shingo ipumzishe siku mbili, kisha rudi kwenye lile zoezi la kulala chali, sekunde 10, mara 5. Andika kwenye daftari ni kipande cha ngapi kichwa kilianza kuwa kizito. Namba hiyo ndiyo utakayonijia nayo gerejini.